Mama Rudisha na Sanamu ya Ishirini na Tano

Mama Rudisha, Mkaguzi Mkuu wa Nyaraka katika kampuni yetu ya uwakala wa forodha, amestaafu rasmi tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka thelathini na nne. Makala haya ya kumuaga yalipaswa kutoka kwenye jarida letu siku hiyo hiyo. Yamechelewa kwa sababu aliomba ayapitie kwanza, na anayemfahamu hahitaji kuambiwa kilichofuata. Yalirudi. Nikayasahihisha, yakarudi tena, safari hii kwa kosa alilokuwa ameliingiza yeye mwenyewe mara ya kwanza. Nilipomweleza hivyo alinishukuru kwa kuwa makini, kisha akanionyesha jingine.

Jina la Mama Rudisha hakupewa na wazazi. Alipewa na madereva wa malori wanaosubiri karatasi pale chini uwanjani. Walikuwa wakitazama dirisha letu la ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi, na wakimwona akitikisa kichwa wanajua hakuna safari, wanaagiza chai nyingine. Mwanzoni alikasirika. Baadaye alikagua lile jina, akaona halina kosa, akalipitisha.

Alianza kazi kama mpiga chapa, enzi zile mashine ya chapa ikipigwa unadhani mtu anapasua kuni. Hakuwa na cheo, ila alikuwa na tabia ya kusoma alichokuwa anakipiga, jambo ambalo ofisini kwetu lilikuwa geni. Halafu ikatokea ile aibu ya asali.

Tulikuwa tunasafirisha mapipa ya asali kwenda nchi jirani. Kwenye ankara tuliandika chakula, kwa sababu mteja aliiuza kama chakula. Kwenye orodha ya mzigo tuliandika dawa, kwa sababu karani aliyeiandaa alikuwa na kikohozi na ndivyo alivyokuwa akiitumia. Kwenye tamko la forodha, yaani ile karatasi kuu inayowaambia maofisa wa mpakani ni nini kinatoka, tuliandika mazao ya mifugo, kwani nyuki si wanafugwa? Basi mpakani wakaja watu wa chakula, wakaja watu wa dawa, wakaja watu wa mifugo, kila mmoja na kufuli lake. Lori likakaa na makufuli matatu, na kila mwenye ufunguo akisema hafungui mpaka wenzake wafungue kwanza. Mwisho wa yote, walioitoa ile asali mpakani ni sisimizi.

Mteja alilia pale ofisini, mtu mzima na ndevu zake. Wengine wote tulipata ghafla kazi za kufanya chini ya meza. Mpiga chapa ndiye aliyebaki amemwangalia, na kesho yake akapanda kwa mkurugenzi na wazo ambalo mtu mwenye akili zake timamu angelikataa. Mkurugenzi wetu alilikubali.

Kinyozi wa jirani alikuwa amefunga biashara, akiuza kiti chake, kile cha chuma chenye kanyagio la kukipandisha na kukiteremsha, pamoja na kioo. Mama Rudisha akakinunua kwa fedha za ofisi, akakiweka katikati ya chumba. Kuanzia siku hiyo hakuna mzigo uliotoka bila kuhojiwa. Mfanyakazi mmoja alikaa kwenye kiti, akawa ndiyo bidhaa. Watu watatu walishika karatasi tatu: mmoja ankara, mmoja orodha ya mzigo, mmoja tamko. Mama Rudisha aliuliza, bidhaa ikajibu. Wewe ni nini? Umetengenezwa na nini, wapi? Uzito wako ukiwa umevaa, na uzito wako ukiwa uchi? Thamani yako? Unakwenda kwa nani? Yeyote aliyesikia jibu lisilolingana na karatasi yake alitakiwa kutamka neno moja tu, "Rudisha," na tunaanza upya. Bidhaa nzito aliiteremsha, nyepesi akaipandisha, sababu hakutueleza na hatukuuliza.

Wageni walicheka. Sisi tuliacha kucheka baada ya wiki mbili, kwa sababu wazo lile lilikuwa linafanya kazi. Mtu akisoma karatasi tatu anasoma anachotarajia kukiona. Lakini mwambie yeye ndiye sabuni ya magadi, muulize uzito wake bila katoni, utaona anavyofikiri. Mhasibu wetu, mtu wa tai na suruali yenye mkunjo, aliwahi kuwa parachichi tangu asubuhi hadi saa ya chakula. Alipoulizwa hali yake alijibu kwamba ameiva. Ankara ilisema mbichi. Akarudishwa, akabisha, akasema yeye anajijua. Ikabidi mtunza stoo apelekwe chini akabonyeze parachichi zenyewe. Mhasibu alikuwa mbichi kweli, na alikula chakula chake siku hiyo bila kusema na mtu.

Mtunza stoo naye alipowekwa kuwa vioo vya madirisha alinogewa na kazi, akashinda anatembea kwa uangalifu na kutuomba tusimguse kwa nyuma. Mteja mmoja mpya aliyekuja kuulizia bei aliketishwa kwa bahati mbaya. Alijibu maswali yote vizuri sana, akiamini ni usaili wa kazi, na hadi leo yuko nasi kitengo cha usafirishaji. Hata mkurugenzi alikaa pale akiwa ngozi za ng'ombe. Alipoulizwa kama ametiwa chumvi alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiri kwenye kikao chochote.

Matunda ya mambo haya kila mtu anayajua. Tangu kiti kianze, hakuna mzigo wa kampuni hii uliorudishwa kutoka mpakani kwa kosa la karatasi. Hakuna. Maofisa wa mpakani walimpa Mama Rudisha cheti cha pongezi chenye tarehe isiyo sahihi. Akakirudisha. Wakaleta kingine chenye cheo kisicho sahihi. Akakirudisha. Mara ya tatu walileta cheti kitupu, wakaomba ajaze mwenyewe, naye akajaza kwa staha, akajipongeza kwa sentensi moja tu.

Msomaji asidhani alikuwa mtu mkavu. Kwake yeye kusahihisha kulikuwa ndiyo kupenda. Ukiumwa alikuja kukuona, akasoma maandishi ya chupa yako ya dawa, akakwambia unakunywa vibaya. Dereva wetu mkuu alipopata mtoto, Mama Rudisha alikwenda hospitali akiwa na shuka jipya, akamkagua mtoto kidole kwa kidole, akatangaza kuwa ziada wala pungufu hakuna. Dereva anasema hakuna baraka aliyoipata siku ile iliyoizidi hiyo.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye mapenzi ya namna hiyo yalimuumiza, na sasa ndipo tunapofika kwenyewe.

Mama Rudisha alifiwa na mumewe zamani na watoto hakujaaliwa. Ana mdogo wake mmoja, wa tumbo moja, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, kwenye mashamba ya mpunga. Huyo mdogo naye alipofiwa, alimwandikia dada yake barua ya kurasa nyingi. Alimwambia aje wakae wote, nyumba ni kubwa, shamba si mbali na barabara, siku yoyote akiwa tayari aje. Barua ile alinionyesha mwenyewe, dawati langu na lake yalikuwa yanagusana. Alikuwa na furaha, akachukua kalamu nyekundu. Nyumba kubwa, akaandika pembeni, taja vyumba. Si mbali, taja kilomita. Siku yoyote, haikubaliki, taja tarehe. Akaitia kwenye bahasha akairudisha, akakaa kusubiri barua iliyosahihishwa.

Haikuja. Mdogo mtu alinyamaza kimya. Hata habari za misiba ya ukoo zilipitia kwa watu wengine. Tukimuuliza habari za mdogo wake, Mama Rudisha alisema nyaraka bado hazijarejea.

Sasa, chumba alichokuwa akiishi ni cha kampuni, kile cha nyuma ya stoo, na mtu akistaafu anakiacha. Fomu ya kustaafu ina kisanduku kinachouliza anuani yako baada ya kustaafu. Mama Rudisha, aliyetufundisha sote kwamba kisanduku hakiachwi kitupu hata kama jibu ni hakuna, alikiacha kitupu. Akairudisha fomu kwa idara ya utumishi akidai mistari yake imepinda. Wakaleta nyingine. Akasema karatasi ni nyembamba. Mwezi wa tano uliisha, kisanduku kile kikiwa cheupe, na sisi tukipita nyuma ya kiti chake kama watu wanaopita chumba cha mgonjwa. Alikuwa hana pa kwenda, na hakutaka mtu amwambie.

Ndipo akaingia fundi wa sanamu. Si sanamu za kupamba sebule, la. Fundi huyu anatengeneza sanamu za kutishia ndege mashambani: miti miwili, mabua ya kujaza kifua, nguo za mitumba, kofia. Alikuwa amepata oda yake ya kwanza ya nje ya nchi, sanamu ishirini na tano, na mpunga wa mteja ulikuwa umeshaanza kutoa masuke. Mama Rudisha akachukua oda, akasoma jina la mpokeaji. Lilikuwa la mdogo wake.

Sote tuligeuka kumtazama, hadi fundi akadhani amevunja kitu. Mama Rudisha alilisoma jina mara mbili. Halafu akasema anuani haina sanduku la posta.

Kazi ikaanza, na kwa haki niseme haijawahi kutokea shehena yenye vituko kama ile. Kwa sababu ya miti na mabua, ilihitaji cheti cha afya ya mimea. Kwa sababu ya mitumba, ilihitaji cheti cha kufukizwa dawa. Afisa wa mimea alitaka kujua ni zao gani. Akaambiwa ni wanaume kumi na wanne na wanawake kumi na mmoja, akaondoka kwenda kushauriana na wakubwa wake. Afisa wa nguo alipoingia stoo alipiga saluti kwa sanamu moja iliyovaa kofia kuukuu ya askari, na baadaye akaomba jambo hilo lisiandikwe popote. Namwomba radhi.

Swali kubwa likawa sanamu hizi ni bidhaa ya kundi gani. Ni mapambo? Ni nguo? Ni midoli? Mhasibu akapandishwa kitini, mikono ameinyoosha. Akaulizwa anafanya kazi gani, akasema anasimama. Anasimama kwa ajili gani, akasema ili ndege wasile mpunga. Je, akiondoka watakula? Watakula. Analipwa? Halipwi. Mama Rudisha akaamua kuwa huyu ni kifaa cha kilimo, na mpakani hawakubisha.

Tatizo lilikuwa hesabu. Mle stoo zilikuwamo sanamu ishirini na nne. Orodha ya mzigo, aliyoiandika mnunuzi kwa mkono wake kama alivyoijaza ankara, ilikuwa na mistari ishirini na tano. Mstari wa mwisho ulisomeka hivi: mwanamke, mrefu, amevaa miwani, ana sauti, ametumika miaka mingi na bado anafanya kazi, atakuja na nguo zake.

Sisi tulielewa kabla mhasibu hajamaliza kuusoma. Fundi alielewa, maana aliambiwa wazi kwamba huyo wa mwisho asimtengeneze. Dereva, aliyekuwa anasikiliza kutoka kwenye ngazi, alielewa. Mtu mmoja tu hakuelewa, naye ni yule asiyepitwa na kosa. Mama Rudisha aliandika pembeni kwa wino mwekundu, pungufu moja, na akairudisha.

Mdogo mtu aliirudisha vilevile ilivyo. Fundi akampigia simu akiwa pale pale kaunta, sauti juu tukisikia wote, akamsihi afute mstari mmoja tu lori liondoke. Yule mama akasema orodha ni yake, ameiandika mwenyewe, hafuti kitu, na kama ndege watamaliza mpunga basi wamalize. Huko walikuwa wameshaingia shambani. Kila asubuhi fundi alituletea habari za ng'ambo, jaruba hili limeliwa, sasa wamehamia lile, na uso wake ulizidi kusinyaa, kwani mpunga ukiisha na oda imekufa. Na kila asubuhi Mama Rudisha aliirudisha orodha, na kila jioni orodha ikarudi.

Mnauliza kwa nini hatukumwambia. Nani amwambie? Nani kati yetu angemsogelea Mama Rudisha na kumweleza kuna kitu kwenye karatasi hajakiona? Alishuka stoo akafunua maturubai yote akimtafuta mwanamke mwenye miwani. Mtunza stoo akawa anafunua naye upande wa pili, uso mkavu, akijibu kwamba huku hayupo, Mama, na huku pia hayupo. Mama Rudisha alimshuku ameiba. Akampekua hadi ndani ya ndala. Mkurugenzi, ambaye hupenda njia za mzunguko, alichukua kile kioo cha kinyozi akakitundika mbele ya dawati la Mama Rudisha, uso kwa uso. Mama Rudisha aliingia, akakitazama, akaona kimetundikwa upande, akakinyoosha, akaendelea na kazi.

Mhasibu hadi leo anashikilia kwamba Mama Rudisha alijua tangu siku ya kwanza. Anasema mtu hawezi kusoma sifa zake mara zote zile asijitambue. Mimi nasema anaweza, kama hajawahi kudhani kuna mtu anamhitaji. Hatujaelewana na mhasibu, na hatutaelewana.

Ikafika tarehe 30. Tulinunua soda na biskuti, tukapanga viti ukutani, hotuba ya mkurugenzi ikiwa mfukoni mwake. Lori lilikuwa chini, sanamu ishirini na nne zimesimama ndani zimefungwa kamba, zikitazama nje kama abiria waliochoka. Begi la Mama Rudisha lilikuwa mlangoni pa kile chumba cha nyuma, limefungwa, na fomu ya kustaafu ilikuwa mezani na kisanduku chake kitupu. Akatuambia hataki soda kabla shehena haijatoka. Alitaka mtu akae kitini awe sanamu ya ishirini na tano, kosa lipatikane.

Mkurugenzi akasema hakuna mtu. Mhasibu, akasema, anaumwa kiuno. Mtunza stoo ana hasira za kupekuliwa. Mimi nilisema nimekuwa ndoo asubuhi nimechoka. Mama Rudisha akatutazama mmoja mmoja, akavuta pumzi, akaenda kukaa mwenyewe. Katika miaka yake yote hakuwahi kukaa pale. Kiti kilikuwa bado juu kutokana na ile ndoo ya asubuhi, miguu haikumfika chini.

Mtunza stoo akashika orodha, mhasibu akashika ankara, mimi nikashika tamko. Mkurugenzi ndiye aliyeuliza, na sauti yake haikuwa ya mkurugenzi.

"Wewe ni nini?"

"Sanamu ya ishirini na tano. Mwanamke, mrefu."

"Alama ya kukutambulisha?"

"Miwani," akasema, na mkono wake ukaenda kwenye miwani yake ukabaki hapo.

Swali la uzito lilirukwa kwa heshima.

"Umetoka wapi?"

Kisanduku cha mahali pa asili mdogo wake alikuwa amekijaza tangu siku ya kwanza, na sote tulikuwa tumekisoma. Mama Rudisha alikijua kwa moyo, kwa kuirudisha orodha ile kila asubuhi. Alikisema polepole, neno baada ya neno: "Nyumba moja na mpokeaji. Chumba kimoja, kitanda kimoja, yeye upande wa ukutani ili mdogo asiogope buibui."

Buibui akalisema mara mbili. Fundi aligeukia dirishani. Mkurugenzi alitaka kuishia hapo, ila utaratibu ni utaratibu, na aliyetufundisha huo utaratibu alikuwa mbele yake.

"Thamani?"

Mama Rudisha alijitazama mikono. Halafu akatoa lile jibu tunaloliandika kwa sampuli na makopo matupu, na akalisema bila uchungu, kama mtu anayejaza ukweli anaoujua.

"Haina thamani ya kibiashara."

"Rudisha," alisema mhasibu, kwa sababu ankara yake ilisema vingine. "Rudisha," akasema mtunza stoo, ambaye orodha yake haina safu ya thamani. Nikasema na mimi. Akasema fundi, akasema dereva kwenye ngazi, wakasema na watu wa duka la matairi huko chini waliokuwa wanasikiliza dirishani, wasiojua hata ni kitu gani kinarudishwa. Mama Rudisha alitugeukia mdomo wazi. Hajawahi kurudishwa, huyu. Mhasibu akamsogelea akamwonyesha ankara kwa kidole, mstari wa ishirini na tano, safu ya bei, mwandiko wa mdogo wake: haiuzwi.

Alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akasoma tena, akaivua tena. Alilia, na sisi hatukuingia chini ya meza safari hii. Mkurugenzi akakanyaga lile kanyagio, akampandisha hadi kiti kilipogoma, sijui alitaka nini, nadhani hakuwa na la kufanya.

"Unakwenda kwa nani?" akamuuliza kutoka huko chini.

"Kwa mdogo wangu," akasema Mama Rudisha. Hakuna aliyetamka lile neno.

Mngedhani yaliishia hapo tukanywa soda. Wapi! Alipoteremshwa tu akaomba kalamu nyekundu. Mtu, alisema, haorodheshwi pamoja na vifaa vya kilimo, na orodha ile ni ya uongo hata kama imeandikwa kwa nia njema. Akaukata mstari wa ishirini na tano kwa rula. Karatasi zote tatu zikachapwa upya, sanamu ishirini na nne, uzito ukapunguzwa, kila kitu kikalingana. Kisha akaivuta fomu ya kustaafu, iliyochapwa kwenye karatasi ile ile nyembamba, mistari imepinda vile vile. Akakijaza kisanduku. Vyumba hakutaja, kilomita hakutaja.

Aliondoka na lori jioni ile, kiti cha mbele, pasipoti yake mkononi na begi mapajani. Hotuba ya mkurugenzi haikusomwa. Dereva anasema mpakani hakukuwa na shida yoyote, isipokuwa Mama Rudisha alimwonyesha afisa kwamba muhuri wake una tarehe ya jana. Afisa akaubadilisha akasema asante Mama. Anasema walipofika shambani, mdogo mtu alikuwa barabarani amesimama, mikono ameinyoosha pande zote mbili, maana alikuwa akifukuza ndege mwenyewe kwa siku hizo zote. Mama Rudisha alishuka kabla lori halijasimama sawasawa, na dereva akageukia upande mwingine akajifanya anakagua matairi.

Huku nyuma tunaendelea. Kiti kipo. Wiki iliyopita mimi nilikuwa tangawizi kavu, na mhasibu, ambaye sasa ndiye anayeuliza, alinirudisha mara tatu. Makala haya niliyapeleka kule shambani yakapitiwe, na yalirudi na wino mwekundu kila ukurasa. Safari hii, kando ya kila alama nyekundu palikuwa na wino wa bluu, mwandiko mwingine, ukisema: muache, Dada, inatosha. Nimefuata wino wa bluu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya madereva wa uwanjani ambao siku hizi hawajui wamtazame nani dirishani, tunakushukuru Mama kwa kila karatasi uliyoturudishia. Ulituudhi sana na ulitufikisha sote. Uishi kwa raha huko uliko, ulale upande wa ukutani, mpunga wenu usimame na ndege wawaogope wote ishirini na sita.

Mkurugenzi ameagiza makala haya yafungwe kwa stakabadhi ya mapokezi aliyorudi nayo dereva, iliyojazwa na kutiwa saini na mpokeaji. Tumeitundika ukutani juu ya kiti, na hakuna kisanduku kilichoachwa kitupu. Mahali pa maoni pameandikwa: "Sanamu ishirini na nne zimefika salama. Amezidi mmoja ambaye hayumo kwenye orodha. Hatumrudishi."